Pete ya Bwana wa Mbao

Kisa hiki kimesukwa kwa ajili ya kufundishia. Mhusika wake hana jina, na asitafutwe Mafinga wala Iringa kwa sababu hayupo. Lakini hakuna jambo lililompata ambalo madaktari hawajalikuta kwa wagonjwa wao. Ni kisa cha watu wazima, hasa wale wanaoagiza vitu vya faragha kwa simu na kuvipokea stendi ya mabasi vikiwa ndani ya boksi la viatu, wasijue wa kumuuliza.

Bwana huyu alifanya biashara ya mbao. Alinunua magogo ya paini kutoka Shamba la Miti Sao Hill, akayapasulia Mafinga, na Fuso zikabeba mbao kuelekea Dar es Salaam au Tunduma. Umri wake ulikuwa miaka 52. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Iringa, kwa hiyo bwana alikaa Mafinga siku za kazi na Jumamosi akarudi nyumbani, kilomita 80 hivi. Walikuwa na watoto wanne na ndoa yenye amani.

Tatizo lilianza kwa kiu. Bwana akawa anamaliza dumu la lita tano kwa siku, katika baridi ya Mafinga ambako wenzake wanatafuta chai tu. Usiku aliamka mara tatu, mara nne, kwenda kukojoa. Kijana wake wa kazi akamwambia sisimizi wamejaa kwenye choo cha uani. Akapewa hela ya dawa ya wadudu. Suruali zikaanza kumpwaya, na watu wa mashine ya kupasulia mbao wakasema kodi zinamkondesha. Nyayo zikafa ganzi, akawa anavaa soksi mbilimbili akidhani ni baridi. Halafu nguvu za kiume zikaanza kumwacha, kwanza siku mojamoja, mwisho karibu kila mara.

Mkewe aliuliza. "Baba watoto, kuna jambo?"

"Uchovu tu, mama. Kazi zimenizidi."

Iringa si mahali ambapo mwanamke anapokea jibu hilo na kugeukia ukutani alale. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulikuta kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi ni asilimia 4.4 kwa nchi nzima, lakini Njombe kilikuwa 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Mwalimu huyu amezika ndugu, amelea watoto wa marehemu dada yake. Mume analala Mafinga siku tano, na akirudi nyumbani hana haja na mkewe: afikirie nini? Akamwambia waziwazi kwamba wakikutana watumie mpira mpaka wapime wote wawili. Bwana akaona ametukanwa, na Jumamosi mbili zilizofuata hakwenda Iringa.

Kila mmoja alikuwa na hofu yake, na hofu zote mbili zilikosea njia. Mke aliogopa mwanamke mwingine ambaye hakuwepo. Mume aliogopa uzee, akatafuta dawa ya uzee. Alianza na ule unga unaouzwa kwa jina la vumbi la Kongo; alichopata ni moyo kwenda mbio na kichwa kuuma mpaka asubuhi. Ndipo tangazo likampitia kwenye simu. Akatuma pesa Kariakoo, na siku ya pili basi likamletea Mafinga boksi lililoandikwa "vipuri". Ndani mlikuwa na pampu ya plastiki na pete tatu za chuma cha pua, kila moja na ukubwa wake. Karatasi ya maelekezo haikuwemo. Alipompigia muuzaji, aliambiwa: "Kaka, vaa tu, utaniletea mrejesho."

Biashara hii hufanyika gizani, na sababu yake inajulikana. Kifungu cha 175 cha Kanuni ya Adhabu kinakataza kutengeneza, kuingiza nchini au kumiliki kwa ajili ya kuuza vitu vinavyohesabiwa kuwa vichafu na vya kupotosha maadili. Kwa hiyo muuzaji hana kibao mlangoni, hatoi risiti, na ukirudi na malalamiko namba yake haipatikani. Muuza sufuria wa soko la Mwanjelwa atakwambia kama sufuria lake linavumilia kuni au ni la gesi tu; anayekuuzia kitu cha kukaba mishipa ya damu hakwambii lolote.

Na hapa palikuwa na mengi ya kuambiwa. Pete ya namna hii hufanya kazi kwa kuzuia damu iliyoingia kwenye uume isirudi haraka mwilini. Damu ikikaa bila kuzunguka, nyama hukosa hewa. Ndiyo maana madaktari wanaotoa pete hizi kwa wagonjwa husisitiza isizidi dakika 30, isivaliwe na mtu aliyelewa, wala mtu asilale nayo. Pete ya silikoni laini inavutika. Ikikataa kutoka, mkasi unaikata. Ya chuma haivutiki hata kidogo. Sehemu ikishavimba, pete inabaki na ukubwa uleule na nyama inazidi, na kadiri inavyokaba ndivyo uvimbe unavyoongezeka. Mwenye selimundu haimfai kabisa, kwa sababu chembe zake za damu huziba mishipa kirahisi. Anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu naye aanze kwa daktari wake.

Bwana wa mbao alitaka kuijaribu peke yake kabla ya kwenda nayo nyumbani. Ilikuwa Ijumaa, msimu wa ulanzi, na alikuwa amekunywa na wapakiaji wake baada ya kulipa mishahara. Saa nne usiku akachukua pete ndogo kuliko zote, kwa sababu muuzaji alisema inayobana ndiyo inayofanya kazi. Ikafanya kazi. Alifurahi, maskini, akajilaza kidogo, na usingizi ukamchukua.

Mtu mwenye hisia kamili angeamshwa na maumivu kabla ya saa moja kupita. Lakini ganzi iliyokuwa kwenye nyayo haikuwa ya baridi. Sukari iliyokaa juu kwenye damu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na haichagui miguu peke yake. Ulanzi ukamalizia. Bwana aliamka saa kumi alfajiri kwa sababu ya kibofu, akashika taa ya simu, akaona rangi ambayo hajawahi kuiona kwenye mwili wake.

Alijaribu sabuni, akajaribu mafuta ya kula, akajaribu maji ya baridi. Pete haikusogea. Mjini Mafinga kuna hospitali, na kwa gari ni dakika chache, lakini mhasibu wa pale ni mteja wake wa mbao. Iringa iko kilomita 80, lakini wauguzi wengine wana watoto kwenye darasa la mkewe. Akaamua Mbeya, ambako hakuna anayemjua. Akamwamsha dereva wa Kenta, akajifunga shuka juu ya suruali ya michezo, akasema mgongo umekataa.

Mafinga hadi Mbeya ni kilomita 250 hivi. Wanaopita huko wanaijua barabara: malori ya Zambia na Kongo yameshika njia, Makambako kuna mizani, baada ya Igawa unaingia tambarare za Mbarali, Chimala, Igurusi, halafu mlima mpaka Uyole. Makambako maumivu yalivunja ganzi, akamwomba dereva asimame gereji. Fundi alikuja na msumeno wa chuma, akaona, akaogopa, akajaribu mara mbili na kumkata ngozi. Chimala pia kuna hospitali inayojulikana. Wakaipita. Kila kituo alichokiruka kilimgharimu nyama. Walifika Mbeya saa sita mchana.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza. "Shikamoo, baba." Bwana aliitikia akiangalia dari.

"Baba, umeivaa saa ngapi?"

"Asubuhi hii."

Daktari alitazama tena ile rangi, akabonyeza ngozi kwa kidole, akauliza taratibu kama aliyeulizwa mara ya kwanza hakusikia. "Saa ngapi, baba? Nikijua saa, najua la kufanya." Bwana akasema saa nne usiku. Ilikuwa kweli ya kwanza aliyomwambia mtu kwa miezi mingi, na ndiyo iliyomsaidia, kwa sababu saa chache na saa 14 hazitibiwi kwa haraka ileile.

Vikata pete vya hospitali, vile vya kukatia pete za ndoa kwenye vidole vilivyovimba, haviwezi chuma kigumu. Ikabidi aitwe fundi wa karakana na grinda yake ndogo. Wakamchoma bwana sindano ya ganzi. Daktari akapenyeza bamba jembamba la chuma kati ya pete na ngozi ili jiwe la grinda lisiguse nyama. Muuguzi akasimama na sirinji kubwa ya maji baridi, akamwagilia bila kuacha, kwa sababu chuma kinachokatwa hupata moto wa kuunguza. Fundi alikata sekunde chache, akaacha kipoe, akakata tena. Kukata upande mmoja hakutoshi, maana pete ya chuma haipanuliwi kwa mkono. Wakageuza, wakakata na upande wa pili. Vipande viwili vikaanguka kwenye beseni.

Bwana hakupoteza kiungo. Alipoteza ngozi, na kidonda kilichukua muda mrefu kupona kuliko kawaida, kwa sababu muuguzi alipomtoboa kidole kupima sukari mashine ilionyesha 21. Kipimo cha kabla ya kula chochote kikifika 7.0 tayari ni kisukari. Kipimo cha wakati wowote, kwa mtu mwenye kiu na kukojoa kama yeye, ni 11.1. Watu walikwishamwonyesha dalili zote: dumu la maji, sisimizi, suruali, ganzi. Yeye alikuwa ameshughulikia moja tu, ile iliyomuuma heshima.

Daktari alimweleza jambo ambalo ningependa kila mwanaume aliyevuka miaka 40 alisikie. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita moja hadi mbili. Ile ya moyo ina milimita tatu hadi nne. Uchafu uleule unaoziba mishipa, unaoletwa na sukari, shinikizo la damu, sigara na mafuta, huziba kwanza palipo pembamba. Kwa hiyo nguvu za kiume zikipungua bila sababu inayoeleweka, mara nyingi moyo unafuata, na kati ya tukio la kwanza na la pili huweza kuwa na miaka miwili hadi mitano. Ni muda wa kutosha kuokoa maisha, kwa anayeuelewa. Utafiti uliofanywa kwa wanaume wenye kisukari katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta zaidi ya nusu yao wana tatizo hili. Na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikadiria kuwa karibu asilimia 9 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Mwanaume anayekwenda kutafuta kifaa kabla ya kipimo anazima kengele, na moto unaendelea kuwaka nyuma ya nyumba.

Mkewe alifika Mbeya jioni ile kwa basi. Alipoambiwa, hakupiga kelele wala hakucheka. Aliuliza kitu kimoja: "Kwa hiyo si mwanamke?" Daktari akasema si mwanamke, ni sukari, lakini kipimo cha VVU walifanyiwa wote wawili papo hapo, kama mwalimu alivyotaka tangu mwanzo, na wote walikutwa hawana.

Bwana aliporuhusiwa, wakahamia kwa shangazi wa mwalimu, mkunga mstaafu anayeishi Soweto, mjini Mbeya, ili awe karibu na kliniki ya kidonda. Shangazi huyu ndiye kiini cha funzo hili. Alikuwa amezalisha wanawake kwa miaka mingi, na kwenye kitchen party za Mbeya aliitwa kusema yale ambayo mama mzazi anaona haya kuyasema. Jioni moja, mgonjwa amelala, alimketisha mwalimu jikoni akamwambia: "Mwanangu, mficha uchi hazai. Nieleze na wewe la kwako, maana sijasikia bado."

Kumbe mwalimu alikuwa na lake. Alikuwa na miaka 50, hedhi imekoma, na ukavu ulimfanya aumie. Tangu walipoanza kutumia mpira alikuwa anajipaka mafuta ya mgando. Mpira ulipasuka mara mbili, akaamini ni feki.

Shangazi hakuhutubia. Alitoa kondomu kwenye kabati, akaipuliza ikajaa, akaifunga, akachovya kidole kwenye kopo la mafuta ya mgando na kuipaka huku akiisugua taratibu. Haukupita muda mrefu ikapasuka mikononi mwake. Mpira wa lateksi na mafuta ni maadui: mwaka 1989 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa dakika moja tu ya kuguswa na mafuta ya madini hupunguza uimara wa kondomu kwa karibu asilimia 90. Mafuta ya nazi, ya alizeti, losheni, siagi, yote yana kosa hilohilo. Kinachofaa ni kilainishi cha maji au cha silikoni. Julai 2016 Serikali ilitangaza kuzuia usambazaji wa vilainishi kwa hoja kwamba vinachochea mapenzi ya jinsia moja, na tangu hapo neno lenyewe limebaki na doa. Mwanamke wa miaka 50 mwenye ndoa yake anaona haya kulitamka mbele ya muuza dawa. Mimi naona doa hilo linaumiza watu wasio na hatia. Ukavu baada ya kukoma hedhi ni jambo la kitabibu, una dawa, na mwanamke anayeumia ana haki ya kusema neno hilo kaunta kwa sauti anayoombea Panadol.

Baada ya hapo mwalimu akafungua mfuko. Alikuwa amelifuata Mafinga lile boksi la vipuri, maana aliogopa watoto wasije wakaliona, na shoga yake mmoja wa Iringa alikuwa amemwazima, miezi iliyopita, vibreta ya rangi ya waridi, laini, yenye harufu ya plastiki mpya. Hakuwahi kuitumia. Akaviweka vyote mezani, vyombo vya chai vikiwa bado havijaondolewa.

Shangazi alianza na kile cha kuazimwa. Akakinusa, akakibonyeza, akaonyesha jinsi kinavyonata kwenye vidole. Vifaa vya jeli laini na vya bei ya chini mara nyingi ni plastiki ya PVC iliyolainishwa kwa kemikali ziitwazo ftaleti, ambazo hazikugandana na plastiki yenyewe na hutoka kidogokidogo. Baya zaidi kwa mtazamo wake ni vijitundu visivyoonekana kwa macho. Maji na sabuni haviingii humo, vijidudu vinaingia. Kifaa cha silikoni halisi, cha kioo kigumu au cha chuma cha pua hakina vijitundu hivyo. Unakiosha kwa sabuni na maji ya moto, na kile kisicho na mota wala betri unaweza kukichemsha. Silikoni ina masharti yake: haipendi kilainishi cha silikoni, ambacho huharibu uso wake, kwa hiyo hapo tumia cha maji.

"Na hiki cha shoga yako," akasema, "kirudishe leo hii hata kama ni rafiki wa damu." Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana waliwapa wanawake vibreta, wakavipima kabla na baada ya kuvisafisha, na kwenye baadhi walikuta virusi vya HPV hata baada ya kusafishwa, na kile cha plastiki laini kilivihifadhi zaidi kuliko cha silikoni. HPV ndiyo inayoleta saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ndiyo sababu tangu 2018 wasichana wetu wanachanjwa. Kifaa cha kuingiza mwilini ni cha mtu mmoja. Wenzi wakikitumia wote wawili, kivalishwe kondomu, na ibadilishwe kabla ya kuhamia kwa mwingine. Vivyo hivyo kikitoka nyuma kisirudi mbele kabla ya kuoshwa, au mwanamke atapata maambukizi ya mkojo na ya uke.

Mwalimu aliuliza kama vibreta inaharibu mwanamke, kama wanavyosema kwamba akiizoea hatamtaka mume. Shangazi alijibu kama mtu aliyeulizwa swali hilo mara nyingi. Mtetemo mkali wa muda mrefu unaweza kuacha ganzi ya muda, nayo huisha. Wanawake wengi hawafiki kileleni kwa kuingiliwa peke yake, na kifaa kidogo cha kugusa nje tu ndicho salama kuliko vyote vilivyokuwa mezani: hakiingii popote, hakikabi chochote, hakipotei. Vya ndani vinahitaji uangalifu zaidi, kisiwe na mshono unaokwaruza wala ufa. Vya kuchaji visitumike vikiwa kwenye umeme, visioshwe bombani kama havikuandikwa kuwa havipitishi maji, na kikipata moto mkononi kizimwe. Zaidi ya hapo, alisema, kifaa hakimchukui mke wa mtu; anayemchukua ni mume asiyeongea.

Kuhusu vya nyuma alikuwa mkali na mfupi. Njia ya nyuma haina mwisho wa karibu kama uke, na misuli yake hunyonya kwenda ndani. Kitu kisicho na kitako kipana hupotea, na kukitoa kunaweza kuwa upasuaji. Daktari wa upasuaji wa Uswidi, Martin Dahlberg, baada ya kuwaondolea wagonjwa vitu vya namna hiyo, ndiye aliyesukuma viandikwe viwango vya kimataifa, na mwaka 2021 kikatoka cha kwanza, ISO 3533, kinachogusa maumbo, malighafi na maelekezo kwa mtumiaji. Chupa za soda, balbu, vipini vya ufagio na vitu vya jikoni havimo humo. Chupa huweza kunyonya na kukwama; kioo chake kikipasuka ndani, hakuna shangazi atakayesaidia.

Ilibaki pampu. Mwalimu alitaka kuitupa pamoja na pete, lakini asubuhi iliyofuata waliibeba kliniki, na daktari hakuilaani. Pampu ya kuvuta hewa ni kifaa cha kitabibu chenye historia ndefu. Geddings Osbon, mfanyabiashara wa matairi wa Augusta, Georgia, Marekani, alijitengenezea yake uzeeni, na mwaka 1982 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaruhusu iuzwe kwa wagonjwa. Humsaidia mwenye kisukari ambaye vidonge havimfai, kwa mfano anayetumia dawa za moyo za naitreti, ambazo zikikutana na sildenafili hushusha presha kwa hatari. Lakini iliyokuwa kwenye boksi haikuwa na vali ya kuachia hewa mvuto unapozidi, na kasoro hiyo ndogo ndiyo inayopasua mishipa midogo na kuacha madoa ya damu chini ya ngozi. Ya kitabibu ina vali hiyo, na pete yake ni ya kuvutika, yenye vishikio viwili vya kuivulia.

Mezani kwa shangazi, basi, vitu vilivyofanana kwa aibu havikufanana hata kidogo kwa hatari. Kilichoonekana kizuri na kigumu, pete ya chuma, kilikuwa kibaya kuliko vyote. Kile ambacho mwalimu aliona haya hata kukigusa, kifaa kidogo cha nje, kilikuwa kipole kuliko vyote. Kwa macho hujui. Inabidi uulize kimetengenezwa kwa nini, kinatokaje kikikwama, kimemgusa nani, na mwili unaokitumia uko katika hali gani. Swali la mwisho ndilo bwana wa mbao alilolikwepa.

Walirudi Iringa baada ya kidonda kufunga. Bwana aliandikiwa metformini, akapunguza ugali na soda, akaacha ulanzi, akawa anatembea asubuhi kutoka Kihesa hadi mjini kila anapokuwa nyumbani. Miezi kadhaa baadaye sukari yake ikashuka. Nguvu hazikurudi zote. Mkewe alikwenda naye kliniki kila tarehe, wakaruhusiwa pampu yenye vali, na simu ya mwalimu ndiyo iliyotunza dakika 30. Yeye mwenyewe akapata dawa ya ukavu, na kilainishi cha maji kikawa kwenye droo ya kitanda pamoja na miwani yake ya kusomea. Waliongea, katika miezi ile, kuliko miaka kumi iliyotangulia.

Habari haikujificha, maana dereva wa Kenta naye ana mdomo. Siku moja mdogo wake bwana, mwenye miaka 45 na kiwanda chake kidogo cha mbao Nyololo, alimpigia simu usiku, akazunguka weee kwenye bei ya mbao na mvua, mwisho akasema, "Kaka, ile namba ya mtu wa Kariakoo bado unayo?"

"Ninayo."

"Nitumie basi."

"Kesho amka, usile kitu, nenda zahanati ukapime sukari na presha. Ukimaliza, nipigie unitajie namba walizokuandikia. Halafu tutaongea habari ya Kariakoo."

Mdogo mtu alikaa kimya, kisha akauliza kama zahanati ya Nyololo hufunguliwa saa mbili au saa tatu.